Mtani Hanuni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sisemi hivi kwa kujivuna wala kwa kutubu. Ndivyo nilivyozaliwa, na marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja uso. Hasira yangu si ya kupiga meza. Ni ya kununa. Nikichokozwa shingo inakaza, midomo inafunga, na maneno yote niliyokuwa nayo yananikimbia na kuniacha peke yangu mbele za watu. Kwa mtu anayetafuta kazi hiyo ni hasara kubwa, maana usaili ni uchokozi uliovaa tai.

Niliujua ukweli huo Dodoma, katika usaili wangu wa kwanza wa maana, miaka kadhaa baada ya kumaliza shahada ya ualimu wa Historia. Nilipanda basi la kupitia Igunga, ambako kaka yangu anafanya biashara ya mpunga. Alikuja stendi, akanipa mkono kupitia dirishani na kuniambia nisimwangushe, kama vile ni yeye aliyeitwa. Kesho yake nikakaa mbele ya watu watatu. Maswali ya mwanzo niliyajibu vizuri. Kisha mmoja wao, huku anahangaika na kifuniko cha chupa ya maji, akaniuliza tangu nihitimu nimekuwa nikifanya nini.

Jibu nilikuwa nalo. Mama alipigwa na kiharusi mwaka uleule niliomaliza chuo, upande mmoja wa mwili ukalala, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Nilikuwa namgeuza, namwosha, namnywesha uji, na jioni nafundisha watoto wa jirani twisheni pale barazani. Lakini yule bwana aliuliza macho yakiwa kwenye chupa. Shingo ikakaza. Nikamjibu, "Nipo tu."

Huku kwetu "nipo tu" ni jibu la heshima. Mtu akikuuliza habari za siku nyingi, unamwambia upo tu, naye anaelewa kwamba mambo ni magumu lakini hutaki kumbebesha. Kwenye usaili ni kujichimbia kaburi. Yule bwana aliandika kitu kifupi sana, akanishukuru, akaniambia naweza kwenda. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna, na hata kaka aliponipungia mkono pale Igunga nilijifanya nimelala.

Mama alifariki wakati wa kuvuna karanga. Ndugu walikuja, matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake, nami nikabaki Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, katika nyumba yake ya vyumba vitatu. Sikuwa na mke. Wapo walionipa sababu nyingi za jambo hilo, lakini ukweli ni kwamba aliyekuwa tayari kuolewa na mimi hakuwa tayari kuolewa na mgonjwa wangu pia, na mimi sikumlaumu. Nikawa nalima karanga na viazi, navuna, nakausha viazi kuwa michembe, nafundisha twisheni wakati wa mitihani. Mchana bati lilikuwa likilia kwa jua, usiku panya darini, na katikati ya sauti hizo mbili ndipo nilipokuwa naishi.

Asubuhi nilikuwa nasema mwangaluka kwa jirani, naye ananiitikia, na mara nyingi hayo ndiyo maneno yangu ya siku nzima. Siku moja nilikwenda dukani kununua chumvi, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nilikohoa ndipo nikaipata. Muuza duka akanipa pole akidhani nina mafua. Nilirudi nyumbani nikijaribu kukumbuka lini nilizungumza na mtu kwa mara ya mwisho, sikukumbuka, na hapo nikaogopa. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa nimeanza kuuzoea upweke, jambo ambalo ni baya kuliko upweke wenyewe.

Ndipo tukatangaziwa usaili mwingine wa walimu, safari hii unafanyika mikoani, mtu hana haja ya kusafiri. Niliitwa kwa somo langu. Furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake: serikali haiajiri mtu mpya aliyevuka miaka arobaini na mitano, na mimi nilikuwa nimebakiza mmoja na ushee. Nikikosa safari hii, hakuna tena. Nitakufa nipo tu.

Nikaanza kujiandaa. Usaili wa maandishi haukunitisha. Kusoma ndiyo kazi pekee niliyokuwa naifanya bila kulazimishwa, na kweli niliupita. Kilichonitisha ni mahojiano. Nilipanga viti vitatu vya plastiki sebuleni, vikanitazama, nikasimama mbele yavyo na kuanza. Waheshimiwa wajumbe, habari za asubuhi. Naitwa fulani, ni mwalimu kitaaluma. Nilikuwa najiuliza mwenyewe, najijibu mwenyewe, na nikikosea najikaripia kwa sauti.

Baada ya siku chache akaja mzee wa kanisa letu la Moravian, amevaa koti, ameongozana na mke wake. Waliketi kwenye viti vyangu vya usaili. Walizungumza habari za mvua, za mahindi, za marehemu mama, kisha mzee akaniuliza kwa upole kama napata usingizi. Jirani alikuwa amesikia nikizungumza na waheshimiwa, na kila alipochungulia hakuona mheshimiwa hata mmoja. Nilimweleza kwamba najiandaa na usaili. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa na mlevi kwamba hajanywa. Akaomba, sala ndefu, Mungu anirudishie akili zangu na anipatie kazi. Niliitikia amina kwa ajili ya kazi tu.

Ilikuwa wazi nahitaji mtu wa kunihoji. Nikasikia kuna vijana wanakutana mjini, Kanyenye, nyuma ya duka moja la vifaa vya shule, wote wameitwa kwenye usaili uleule. Nikaenda. Wengi wao walikuwa watoto wa juzi, wamemaliza chuo na simu zao bado mpya. Utaratibu wao ulikuwa mzuri: mmoja anasimama mbele, wengine wanamshambulia kwa maswali, wanamkatisha, wanamcheka, wanamwambia hapo umechemka, rudia. Nilimwona binti mmoja akiulizwa hadi machozi yakamlenga, kisha akajipanga na kujibu kama wakili.

Zamu yangu ilipofika, wote wakanyamaza. Mmoja akaniamkia upya, shikamoo mwalimu, ingawa tulishaamkiana. Akaniuliza kama ningependa kuwashirikisha uzoefu wangu. Mwingine akasema samahani kama hutajali, unadhani mwalimu bora ni yupi. Nilijibu, wakanipigia makofi. Niliporudi mara ya pili ilikuwa vilevile, na mara ya tatu wakawa wananiachia kiti cha mbele na kuniita mzee wa kikundi.

Sikuwalaumu. Hata mimi katika umri wao nisingethubutu. Mtoto aliyelelewa na watu hawezi kumsimamisha mtu wa umri wa baba yake na kumuuliza kwa nini maisha yamempita. Wale vijana walikuwa na adabu, na adabu yao ingeninyima kazi. Swali lililoniangusha Dodoma lilikuwa bado liko njiani linanisubiri, na hapakuwa na mtu Tabora nzima wa kuniuliza kabla ya siku yake. Ndugu wananionea huruma, jirani ana wasiwasi nami, vijana wananiheshimu.

Akabaki mtani wangu.

Sisi Wanyamwezi tuna watani wengi, wa kurithi, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo ya watu kutoka huku kwenda pwani na kurudi. Wazee husema kila walipopita walipatana na wenyeji kwa namna hiyo: tutukanane, tunyang'anyane, tuzikane, lakini tusipigane. Wazaramo ni watani wetu wakubwa. Na Kanyenye kulikuwa na mama mmoja Mzaramo mwenye genge la chakula, mama wa makamo ya juu, aliyeletwa Tabora akiwa bibi harusi wa mfanyakazi wa reli. Mumewe alishafariki na kuzikwa hapahapa. Watoto walikuwa Dar es Salaam wanapiga simu sikukuu, naye alikataa kuwafuata, alisema hawezi kumwacha mzee wake na watu wasiojua kusoma yasini vizuri. Huo nao ulikuwa utani, kwa sababu Tabora ina masheikh wa kutosha.

Nilikuwa nakula kwake kila nilipokwenda mjini. Hakuwahi kuniambia karibu. Akiniona tu kwa mbali anapaza sauti, "Mpagazi, mzigo umeutua wapi leo?" Nami namwambia nimeutua kwao, wameuuza wakakodi ngoma. Ananiambia Mnyamwezi hata ukimpa basi atalibeba kichwani. Namwambia Mzaramo hata ukimpa shamba la minazi atacheza ngoma mpaka kwenye kisiki cha mwisho. Wateja wanacheka. Ananipakulia wali, anachukua kipande changu kimoja cha nyama kutoka kwenye sahani na kukila mbele ya macho yangu, kwa kuwa mtani hana chake. Katika juma zima, huyo ndiye alikuwa mtu pekee anayeniambia jambo ambalo hakumwambia kila mtu.

Nilimweleza shida yangu siku moja mchana, wateja wameondoka. Sikuwa nimepanga kumwomba. Nilikuwa nalalamika tu kwamba vijana wananipigia makofi. Alisikiliza huku anasugua sufuria kwa majivu, kisha akanawa, akavua aproni, akavuta kreti la soda na kukaa juu yake mguu juu ya mguu, kidevu juu.

"Haya, simama hapo," akasema. "Una miaka arobaini na nne. Huna mke, huna mtoto, umekaa kwa mama yako mpaka mama mwenyewe kafa. Tukupe watoto wa watu ukawafundishe nini weye?"

Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Shingo ikakaza palepale. Nikageuza uso nikawa natazama duka la ng'ambo, mtu anapakia magunia kwenye baiskeli.

"Umenuna," akasema. "Usaili umekwisha. Toka nje, mwite mwenzio."

Nikamwambia hayo si maswali. Akaniambia ndiyo maswali yenyewe, wao watayavalisha nguo tu. Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua na mimi nilikuwa nimelisahau pale mbele ya kreti: mtani hanuni. Ukimkasirikia mtani umetenda kosa, zamani ulikuwa unatozwa kuku. Akasema basi nikiingia mle ndani nisiwaone wakubwa, niwaone watani watatu wamekaa. Watanitukana. Kazi yangu ni kujibu bila kununa.

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kwake mchana, baiskeli naiegemeza ukutani, nasubiri mteja wa mwisho anawe. Alikuwa hajui lolote kuhusu mitaala wala maadili ya utumishi. Hayo niliyasoma mwenyewe. Alichojua ni pale panapouma, na alipabonyeza bila huruma. Alinicheka koti langu, akasema limekaa kama limeazimwa kwa maiti. Alinicheka ninavyotazama chini nikiulizwa, akaniambia pale chini hamna jibu, palifagiliwa asubuhi. Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa utani, namrudishia minazi yake. Alikataa. Akasema unanijibu mimi, hujajibu swali. Cheka kwanza moyoni, kisha sema kweli.

Kusema kweli ndiko kulikonishinda. Kila alipofika kwenye lile swali, tangu umalize chuo ulikuwa unafanya nini, nilikuwa nalizunguka. Nasema nilijishughulisha na kilimo, nilijitolea katika jamii, nilijiendeleza binafsi. Ananiambia huo uji hauna sukari. Siku moja akaniuliza tena na tena bila kupumzika, mpaka nikamwambia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Nilikuwa namuuguza mama yangu."

Sikuwahi kuisema sentensi hiyo kwa mtu. Waliokuwapo waliona, na ambao hawakuwapo sikuwaambia. Nilitegemea atanipa pole kama wengine wote, na nilishaanza kujiandaa kuipokea.

"Na hukumuuguza vizuri," akasema. "Mbona kafa?"

Kuna watu watasoma hapa na kushtuka. Anayejua utani ataelewa. Kwenye msiba watani ndio wanaoingia wanacheka, wanamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo, wanajilaza kaburini wakidai walipwe kwanza, na wafiwa waliokaza kwa siku mbili wanajikuta wanacheka na kulia kwa pamoja. Mama alipozikwa hapakuwa na mtani aliyefanya hivyo. Wazee waliojua kazi hiyo walikuwa wamekwisha, na vijana waliona aibu. Tulimzika kwa utaratibu na kipaza sauti. Kwa hiyo yule mama wa Kizaramo, juu ya kreti la soda, alinifanyia msiba wa mama yangu kwa kuchelewa. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya genge, na nilipotaka kuacha kucheka nikakuta nalia, tena kwa sauti, mchana kweupe, Kanyenye. Hakunigusa. Alisogeza birika, akanimiminia chai, akasema nikimaliza kutia chumvi kwenye chai yake turudie swali.

Tukarudia. Nikajibu. Safari hiyo sikulizunguka.

Mahojiano yalifanyika mjini, katika madarasa ya shule moja. Tulikaa kwenye madawati nje tangu asubuhi, vyeti vimekumbatiwa kifuani. Wale vijana wa kikundi waliniamkia mmoja mmoja, kisha wakasogea pembeni kunong'ona. Nilikaa mwisho wa benchi. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama sote, halafu jina linatajwa la mtu mwingine, tunakaa tena.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti ambaye bila shaka nilimzidi umri, bwana mmoja mnene mwenye sura ya kucheka, na mama aliyevaa miwani. Mwenyekiti alinitazama mvi zangu, nikaona midomo yake inaanza kuumba shikamoo, kisha akakumbuka cheo chake na kusema karibu. Jambo hilo lilinituliza kidogo. Waliniuliza ningemfundishaje mtoto wa kidato cha kwanza juu ya biashara ya misafara. Nikasema ningeanza na kumuuliza nani ni mtani wake, na kwa nini mtu wa Tabora anataniana na mtu wa pwani waliotenganishwa na safari ya miezi. Nikawaeleza jinsi ningetoka hapo kwenda kwenye mizigo, njia, hongo walizotozwa na watemi, na bei. Yule mnene alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilizungumza vizuri, nami nilijua nazungumza vizuri.

Kisha yule mama akavua miwani yake.

Akasema vyeti vyangu ni vya zamani. Akasema walimu wengi waliohitimu mwaka wangu sasa ni wakuu wa shule. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kwa nini serikali ichukue mtu ambaye muda wote huo hakufanya chochote na taaluma yake, wakati pale nje kuna vijana wenye nguvu wamejaa benchi.

Damu ikapanda, kama kawaida yake. Shingo ikaanza. Nikamwona yule mama wa miwani kama amekaa juu ya kreti la soda. Hasira ikakosa pa kukalia, nikatabasamu, na mdomo ukatangulia kabla yangu.

"Hapana mtani," nikasema, "nilikuwa namuuguza mama yangu."

Kalamu zikasimama. Yule mama akarudisha miwani taratibu, akaniambia yeye ni Mhaya, na kwa anavyojua hana utani wowote na mimi. Nilitamani sakafu ipasuke. Humwiti mtani mtu ambaye si mtani wako. Ni kumvunjia heshima, na mimi nilikuwa nimemvunjia mtu aliyeshika maisha yangu yote yaliyobaki. Zamani hapo ndipo ningefunga mdomo na kununa mpaka wanitoe. Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Aliyekuwa ananiuliza maswali magumu kama lako ni mtani wangu tu. Wengine wote waliniogopa, au waliniheshimu."

Bwana mnene akainama kama anatafuta kitu chini ya meza, mabega yanacheza. Mwenyekiti akajikohoza. Yule mama hakucheka. Aliniuliza mama yangu aliugua nini. Nikamweleza. Akaniuliza nilijifunza nini humo ambacho kinamhusu mwalimu. Nikasema nilijifunza kumlisha mtu ambaye leo anakula na kesho anatema, na kesho kutwa unarudi na kijiko kilekile bila kumkasirikia. Nikasema kwa mtu wa tabia yangu hilo si dogo. Aliandika, na safari hii aliandika kirefu.

Kungoja majibu sitakueleza. Anayejua kungoja anajua.

Majina yalitoka mchana, nikiwa nafukua viazi. Simu ililia ujumbe juu ya ujumbe kutoka kikundi cha vijana, nikafungua kwa kidole chenye udongo. Nilikuwamo. Nilisimama katikati ya matuta nikatazama huku na huku, nikitafuta mtu wa kumwambia. Palikuwa na mbuzi wa jirani. Nikampigia kaka Igunga. Alikuwa mashineni kwenye kelele za kukoboa, akasema hongera, akasema atanipigia baadaye, na baadaye hiyo bado naingoja. Niliingia ndani, nikaenda mpaka mlango wa chumba cha mama, nikafika nikakumbuka. Nilikuwa nimepata kitu nilichokitafuta nusu ya umri wangu, na nyumba nzima haikusema lolote.

Nikanawa, nikapanda baiskeli, nikaenda Kanyenye.

Njiani nilikuwa natunga matusi. Maana nilikuwa na habari nzito kuliko kupata kazi: shule niliyopangiwa ilikuwa Kisarawe, Uzaramoni kabisa, na Kisarawe ndiko kwao mama yule. Nilijua nitamwambia nakwenda kuwafundisha ndugu zake kusoma. Nilijua atanijibu kwamba Mnyamwezi amepata tena safari ya pwani, safari hii anabeba chaki. Nilikanyaga pedali nikicheka peke yangu kama mtu aliyeombewa bila mafanikio.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kitambaa, akafuta benchi, ambalo hakuwahi kulifuta kwa ajili yangu.

"Hongera sana, mwalimu," akasema. "Karibu ukae."

Nikakaa. Nikamwambia nakwenda kuwafundisha ndugu zake kusoma. Akasema wafundishe mwalimu, Mungu akutangulie. Nikamwambia nitawanyang'anya ngoma zao zote. Akasema haya mwalimu. Akanipakulia wali na nyama, akaziacha zote kwenye sahani. Nilikula nikiwa nasubiri mkono wake uje, haukuja. Niliona ametoka kuwa mtani amekuwa mama lishe, na mimi nimekuwa mteja. Shingo ikakaza. Niliondoka nimenuna, na nilistahili kutozwa kuku.

Siku zote za kufunga nyumba sikupita tena Kanyenye. Nilijiambia ni wivu. Nilijiambia watu hawapendi mwenzao apate. Nilimkabidhi jirani funguo, mzee wa kanisa akaja kunishukuria Mungu kwa akili na kwa kazi, na nikajiona nimeagana na kila mtu.

Lakini asubuhi ya safari, begi mgongoni, miguu ilinipeleka gengeni. Alikuwa anachoma maandazi, wateja wawili watatu wamekaa. Akaniamkia habari za asubuhi, mwalimu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza nimemkosea nini mpaka ananiheshimu namna hii.

Aligeuza maandazi yote, moja moja, kabla hajajibu.

"Hawa nawatania kila siku," akasema, ananyooshea mwiko wale wateja. "Wanacheka. Hakuna anayejua kujibu. Utani usiojibiwa ni matusi tu. Weye ukienda, nani atanijibu miye?"

Alisema bila kunitazama. Miaka yote nilidhani mimi ndiye nakwenda pale kwa sababu sina mtu. Nilidhani yeye ana watoto, ana wateja, ana kaburi la mumewe, na mdomo usiokaukiwa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kila niendapo alikuwa ananiona kwa mbali kabla sijamwona.

Kondakta alikuwa ameshanipigia simu, basi linaondoka. Nilisimama pale na begi langu, natafuta tusi la kumrudishia, hata la minazi, hata la ngoma. Sikulipata.